Mshale wa Joto Ukirukaruka, Pima Kwanza Ndipo Ununue

Waendesha pikipiki wa Shumba hapa Pemba, wa Shumba Mjini na wa Shumba Vyamboni, wanaijua kero hii, hasa wenye pikipiki zinazopozwa kwa maji na wenye magurudumu matatu ya mizigo yenye rejeta. Asubuhi unatoka nyumbani mshale wa joto umetulia katikati. Kufika Konde, umepanda hadi kwenye alama nyekundu. Unasimama, unashuka, unaikagua injini, huoni cha ajabu. Ukiwasha tena, mshale umelala chini kabisa kama vile injini haijawahi kuwaka. Unakwenda kwa fundi, fundi anasema "hiyo sensa". Unaitafuta Wete, unaitafuta Chake, haipo. Unaagiza Unguja au Dar es Salaam, unasubiri boti, inafika, inafungwa, na mshale unacheza vilevile.

Kifaa cha umeme kikishafungwa, wauzaji wengi hawakipokei tena. Fedha imekwenda, ugonjwa umebaki. Kwa sisi tunaoishi kisiwani, ambako kila kifaa kina nauli yake na siku zake za kusubiri, kubahatisha ni ghali kuliko kwingine. Ndiyo maana ushauri wa makala haya ni mmoja: usinunue kitu chochote kabla hujapima. Vipimo vyenyewe vingi havigharimu kitu, na vilivyobaki vinahitaji mita ndogo ya umeme na sufuria ya maji.

Unapanda au unaruka?

Fundi mzuri, kabla hajashika spana, atakuuliza: "Unapanda polepole au unaruka?" Jibu lako litampunguzia nusu ya kazi.

Injini ni pande la chuma na aluminiamu, na mfumo wake wa kupoza una maji ya lita moja au zaidi kidogo. Vitu hivyo havipati moto wala havipoi kwa kufumba na kufumbua, huchukua dakika. Kwa hiyo mshale ukitoka katikati hadi mwisho ndani ya sekunde moja kisha ukarudi, aghalabu injini haina hatia. Tafuta kwenye waya, kwenye soketi, kwenye sensa, kwenye geji au kwenye chaji ya betri.

Mshale ukipanda taratibu unaposimama au unapobeba mzigo, kisha ukashuka ukishika mwendo, hilo ni joto la kweli. Hapo utatazama feni, rejeta iliyoziba kwa vumbi na matope, au maji yaliyopungua. Lakini usiogope kila mpando. Katika pikipiki nyingi feni huwaka joto linapofika nyuzi 100 hivi za Selsiasi, kisha mshale hushuka. Pikipiki ambayo mshale wake hupanda kwenye foleni, feni ikawaka, mshale ukarudi, ni nzima.

Mshale ukienda kwa mawimbi, ukipanda, ukishuka na kupanda tena ndani ya dakika chache ingawa mwendo wako haubadiliki, shuku upepo ulionaswa ndani ya mfumo wa maji, au themostati inayokwama na kuachia.

Hali ya nne ndiyo ninayoihofia kuliko zote, kwa sababu watu huifurahia: mshale unaokaa chini siku zote. Huenda waya umekatika, huenda themostati imekwama ikiwa wazi. Lakini huenda pia maji yamepungua mno hata ncha ya sensa haiyagusi tena. Sensa iliyo kwenye upepo mtupu husoma chini huku injini ikiungua. Mshale wa chini haumaanishi injini iko salama mpaka uwe umeyaona maji kwa macho yako.

Usalama kabla ya udadisi

Ukiona mvuke, ukisikia harufu tamu ya kulanti (dawa ya maji ya rejeta), pikipiki ikipoteza nguvu au injini ikianza kugonga, zima papo hapo. Katika hali hiyo usibishane na mshale, hata kama unasema injini ni baridi.

Kisha subiri. Mfuniko wa rejeta huyafunga maji yakiwa na shinikizo, na shinikizo hilo huyawezesha kupita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukiufungua injini ikiwa na moto, shinikizo linatoka ghafla, na maji hayo hugeuka mvuke mbele ya uso wako. Usifungue mpaka uweze kuweka kiganja juu ya injini na kukiacha hapo bila kuumia. Wala usiimwagie injini ya moto maji baridi ili iwahi kupoa: silinda hedi inaweza kupinda au kupasuka, na hiyo si hasara ya sensa tena.

Maji kwanza

Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, fungua mfuniko wa rejeta wenyewe. Usitosheke na ile chupa ya akiba. Chupa inaweza kuwa imejaa huku rejeta ni nusu, kwa sababu mfuniko ukichakaa mpira wake, maji huweza kutoka kwenda kwenye chupa lakini hayarudi. Kwa hiyo kagua na mpira wa mfuniko: ukiwa mgumu, umepasuka au umebonyea, badilisha mfuniko kwanza. Ni kifaa cha bei ndogo kinacholaumiwa mwisho wakati kingepaswa kutazamwa mwanzo. Unapokinunua, hakikisha namba ya shinikizo iliyoandikwa juu yake, mara nyingi 1.1 au karibu na hapo, ni sawa na ya ule wa zamani.

Tazama rangi ya maji. Yakiwa na utando wa oili, au oili ya injini ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, huenda gasketi ya silinda hedi imeachia. Vivyo hivyo ukiona mapovu yanayotoka mfululizo injini inapowaka, na hayakomi: huo ni moshi wa silinda unaoingia kwenye maji. Viputo hivyo hupita kwenye ncha ya sensa na kuufanya mshale ucheze. Kazi hiyo ni ya gereji. Usiendelee kutembea nayo.

Ikiwa maji yalikuwa pungufu tu, jaza na utoe upepo. Isimamishe pikipiki gurudumu la mbele likiwa juu kidogo, mdomo wa rejeta uwe sehemu ya juu kuliko zote. Mimina maji polepole. Washa injini ikiwa baridi, mfuniko ukiwa wazi, iache silensa (mwendo wa chini bila kuvuta mafuta), huku ukiminyaminya mipira ya rejeta kwa mkono. Utaona viputo vikitoka na maji yakishuka, ongeza. Kama injini yako ina skrubu ya kutolea upepo, ilegeze mpaka yatoke maji matupu, kisha kaza. Viputo vikikoma na maji yakitulia, funga mfuniko kabla hayajaanza kupanda. Mishale mingi iliyokuwa ikienda kwa mawimbi hupona hapo.

Sasa, maji gani? Ardhi ya upande wetu huu wa Micheweni ni ya mawe ya matumbawe, na maji ya visima vyake yana chokaa; vilivyo karibu na pwani vina na chumvi. Lile gamba jeupe unaloliona ndani ya birika la chai ndilo hilo hilo linalojijenga ndani ya rejeta na juu ya ncha ya sensa. Sensa iliyovaa gamba huchelewa kulihisi joto, na rejeta iliyoziba haipozi. Tumia kulanti iliyochanganywa na maji yaliyosafishwa, nusu kwa nusu, au ile inayouzwa ikiwa tayari imechanganywa. Wapo wanaosema kulanti ni ya nchi za theluji. Kwetu kazi yake ni kuzuia kutu na kupandisha kiwango cha kuchemka, na vyote viwili tunavihitaji zaidi wakati wa kaskazi, joto la mchana linapopita nyuzi 30. Ukikosa maji yaliyosafishwa, maji ya mvua yaliyokingwa katika chombo safi ni afadhali kuliko ya kisima.

Tahadhari mbili. Dukani ukiomba "maji ya betri" unaweza kupewa asidi. Taja wazi kwamba unataka maji matupu ya kuongezea, na usome kibandiko. Na kulanti ya kawaida ni sumu yenye ladha tamu. Usiimwage uwanjani wala kuiacha kwenye kopo wazi. Mtoto, paka au mbuzi akiinywa inaweza kumuua.

Kisha waya na ethi

Kwa pikipiki za pwani, hapa ndipo penye rutuba ya matatizo. Hewa ya bahari ina chumvi. Ongeza na shehena zetu: mwani mbichi unaochuruzika maji ya bahari, tenga la samaki kutoka soko la Tumbe. Maji hayo hutiririka kwenye fremu, huingia kwenye soketi, na baada ya muda shaba ndani yake hugeuka kijani. Soketi yenye kutu ya kijani hupitisha umeme mara mwingi, mara kidogo, mara haupiti kabisa, na mshale hufuata.

Anza na jaribio lisilohitaji kifaa. Washa injini, washa indiketa, utazame mshale. Kisha kanyaga breki taa ya nyuma iwake. Kisha washa taa kubwa. Mshale ukidunda pamoja na indiketa, au ukisogea kila ukanyagapo breki, umeshapata jibu: aghalabu ethi ni mbovu. Vifaa hivyo vinagombea njia moja nyembamba ya kurudishia umeme kwenye betri. Fungua waya hasi wa betri pale unapoungana na injini au fremu, sugua kwa msasa mpaka chuma king'ae, rudisha na ukaze vizuri.

Jaribio la pili: injini ikiwa silensa, geuza usukani kulia na kushoto hadi mwisho. Halafu chezesha kwa mkono mkusanyiko wa waya karibu na shingo ya usukani, ukishuka nao hadi kwenye sensa. Waya za pale shingoni hupinda kila unapokata kona, na hatimaye hukatika ndani ya ngozi zake bila kuonekana kwa nje. Mahali utakaposhika na mshale ukaruka, hapo ndipo penye ugonjwa.

Jaribio la tatu linataka mita. Weka mita kwenye volti, pima betri injini ikiwa kwenye mwendo wa kati. Chaji nzima huwa kati ya volti 13.5 na 14.5 hivi. Ikipanda hadi 15 na kuendelea kadiri unavyovuta mafuta, reguleta imekufa. Mshale utacheza, balbu zitaungua na betri itachemka. Kisha gusisha ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye chuma cha injini, injini ikiwa inawaka. Inatakiwa isome karibu na sifuri. Ikizidi volti 0.2, rudi kwenye ethi.

Soketi zenye kutu zisafishwe kwa brashi ndogo na spiriti au dawa ya kusafishia soketi, zikauke, kisha zipakwe grisi ya umeme kidogo kabla ya kufungwa. Usiunge waya kwa kusokota na kuzungushia selotepu. Chumvi itaingia kabla ya mwezi kwisha. Unga kwa risasi, uvike mpira wa kubana kwa moto.

Sensa na sufuria

Ukifika hapa na mshale bado unacheza, sasa sensa ishukiwe. Kama sensa yako ni ya waya mmoja, inayotumikia geji tu, kuna kipimo cha haraka. Washa swichi bila kuwasha injini, chomoa waya kwenye sensa: mshale ulale chini. Gusisha waya ule kwenye chuma cha injini kwa sekunde moja tu: mshale upande juu kabisa. Ukitii vyote viwili, geji na waya ni wazima, na mtuhumiwa ni sensa au ethi yake. Usifanye hivyo kwa sensa ya waya mbili au zaidi iliyounganishwa na kompyuta ya mafuta. Hiyo pimia kwa mita peke yake.

Kipimo cha uhakika ni cha jikoni. Fungua sensa injini ikiwa baridi. Tia maji kwenye sufuria, ning'iniza sensa kwa waya ili ncha yake tu iingie majini na isiguse chini wala ubavuni. Unganisha mita kwenye sensa, upande wa omu. Tia na kipimajoto kinachofika nyuzi 100, kama unacho. Washa jiko, moto mdogo. Sensa za aina hii upinzani wake hupungua joto linapopanda: nyingi zile za kompyuta ya mafuta husoma omu elfu mbili na kitu kwenye nyuzi 20, na hushuka hadi mia tatu hivi kwenye nyuzi 80. Zile za geji peke yake huwa na namba ndogo zaidi, na kila kampuni ina zake, kwa hiyo tafuta za pikipiki yako kwenye kitabu chake. Lakini hata bila kitabu, angalia mwendo wa namba. Sensa nzima hushuka kwa utulivu, bila kuruka, mpaka maji yachemke. Na hapa kwetu usawa wa bahari, yakichemka ujue ni nyuzi 100 bila kuuliza. Namba ikiruka, ikipotea na kurudi, au ikikaa pale pale maji yakichemka, sensa imekufa. Sasa agiza mpya, ukiwa na uhakika.

Unapoifunga, sensa ya waya mmoja usiizungushie utepe mweupe wa mabomba kwenye nyuzi zake za skrubu. Sensa hiyo hupata ethi kupitia nyuzi zile zile, na utepe unaweza kuikata. Tumia washa yake.

Sufuria hiyo hiyo itakupimia themostati. Ining'inize kwa uzi, tazama inafunguka joto likifika wapi. Namba yake kwa kawaida imegongwa kwenye mwili wake, na nyingi za pikipiki ziko kati ya nyuzi 70 na 85. Nawasihi mafundi wenzetu hapa: acheni desturi ya kung'oa themostati na kuitupa kwa hoja kwamba huku kuna joto. Injini isiyofika joto lake la kazi hula mafuta zaidi, oili yake huchafuka mapema, na pistoni na ringi huchakaa kabla ya wakati. Themostati mbovu dawa yake ni themostati nzima.

Neno kuhusu vipimajoto vya bunduki. Vile vya kupimia homa kwenye paji la uso, vilivyozagaa tangu mwaka 2020, havifai kwa injini; vimetengenezwa kwa joto la mwili na huishia nyuzi arobaini na kitu. Kinachofaa ni kile cha mafundi. Nacho kikielekezwa kwenye chuma kinachong'aa hudanganya, kwa hiyo bandika kipande cha tepu nyeusi karibu na sensa, upime hapo.

Kwa wenye Boxer na TVS

Pikipiki nyingi za kazi Shumba hazina rejeta wala mshale. Zinapozwa kwa upepo. Kwa hizo mwendeshaji ndiye kipimo. Safisha mapezi ya silinda, maana matope yakikauka baina yake injini haipumui. Pima oili kila asubuhi chombo kikiwa kimesimama wima. Zungusha magurudumu kwa mkono: breki inayoshika au mnyororo uliokazwa kupita kiasi huifanya injini ivute mzigo usioonekana. Fungua plagi: ikiwa nyeupe kama chaki, mafuta ni machache kuliko hewa, na injini inaungua, kabureta isafishwe, na mpira wa kuingizia hewa ukaguliwe kama umepasuka. Aliyefunga geji ya kununua yenye pete chini ya plagi asiilinganishe na ya rejeta. Chuma cha silinda hedi hupita nyuzi 100 kwa mbali, na hiyo ni kawaida.

Nenda kwa fundi na maelezo

Kama kazi imekuzidi, usimpelekee fundi neno "temperecha inasumbua" peke yake. Andika mambo manne kwenye simu: mshale ulianza kucheza lini na baada ya nini, unaruka au unapanda, injini ikiwa baridi au ya moto, na nini ulichokwisha kupima na namba zake. Chukua video ya dashibodi mshale unapocheza, kwa maana maradhi ya waya yana tabia ya kujificha gereji. Fundi akisema kifaa fulani kimekufa, mwombe kwa adabu akuonyeshe kipimo. Fundi anayeijua kazi yake hatachukia. Atafurahi kupata mteja anayeelewa.

Na baada ya kubeba mwani au samaki, suuza chombo kwa maji yasiyo ya chumvi siku hiyo hiyo, injini ikishapoa, bila kuelekeza maji ya pampu kwenye soketi wala kwenye mapezi ya rejeta.

Ndugu yangu, abiria wako amekukabidhi roho yake na familia yako inakula kwa injini hiyo. Kagua maji kabla ya kuwasha, safisha ethi kabla ya kulaumu sensa, na pima kabla ya kununua. Ukiwa na shaka barabarani, simama: kuchelewa kufika Konde kuna nafuu, injini iliyokamata haina.